Hawakumpima, wamecheza naye tu

Mdogo wangu alifika kwangu Chikongola, Mtwara mjini, jioni, mtoto kalala mgongoni, akakaa barazani bila hata kuvua viatu. Nikamuuliza wamesemaje huko hospitali. Akasema, "Hawakumpima, dada. Wamecheza naye tu."

Alikuwa ametoka Naliendele alfajiri. Alikaa foleni mpaka saa nne, akaingizwa chumba chenye mkeka chini na kapu la makorokoro. Kwa muda wa karibu saa nzima mama mmoja mtaalamu alimpa mwanawe vikombe, shanga na uzi, akaficha kijiko chini ya kitambaa, akamwita jina kutoka nyuma, akapuliza mapovu ya sabuni, huku akiandika. Kisha akamgeukia mdogo wangu na maswali: mimba ilikuwaje, mtoto alilia alipozaliwa, aliwahi kupata degedege, nani anashinda naye. Hakutolewa damu wala kupigwa picha. Waliondoka na karatasi ya kwenda kupimwa masikio na tarehe ya kurudi.

Mtoto alikuwa na miaka 2 na miezi 8 na hakuwa na neno hata moja lililonyooka.

Sikumlaumu mdogo wangu. Kwetu neno kupima lina maana yake. Unapima malaria, kidole kinachomwa, mstari unatokea. Unapima uzito, mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, namba inaandikwa kwenye kadi. Kipimo ni kitu kinachotoka mwilini na kurudi na jibu. Sasa mtu akikwambia mtoto atapimwa makuzi na tabia, halafu ukaona vikombe na mapovu, lazima ujione umedanganywa. Nimeandika makala hii kwa sababu nimeona wazazi wengi huku kwetu, Mtwara na Lindi, wakikata tamaa hapo hapo, safari ya kwanza, kwa kudhani hakuna kilichofanyika. Kumbe kilichofanyika ndicho kipimo chenyewe.

Tuanze na kadi ya kliniki, ile tunayoijua wote. Mtoto anapelekwa kliniki tangu kuzaliwa hadi anapofikisha miaka 5, anapimwa uzito, anachanjwa, nukta inawekwa kwenye mstari. Huo ni ukuaji wa mwili. Makuzi ni jambo jingine: mtoto anafanya nini na huo mwili. Anakaa, anashika, anaelewa, anasema, anacheka na nani, anajilisha. Mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri kabisa, mashavu yamejaa, nukta yake ipo juu ya mstari wa kijani, na bado makuzi yake yamesimama. Mzani hauoni hilo. Nchi yetu ilizindua mwezi Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya watoto hadi miaka 8, na moja ya mambo inayosisitiza ni kwamba uzito na chanjo peke yake havitoshi. Ukienda kliniki, basi, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: mwanangu hafanyi hiki na hiki.

Hapo ndipo utakapokutana na jibu ambalo wote tumelipata: kila mtoto na siku zake. Ni jibu la kweli, ila lina mpaka, na mpaka huo unajulikana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri katika nchi 5, yaani Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Kukaa bila kushikiliwa kulianza popote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea mwenyewe, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tazama upana huo: mtoto mmoja anatembea kabla ya miezi 9, mwenzake anakaribia mwaka na nusu, na wote ni wazima. Wengine, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakainuka na kwenda. Kwa hiyo bibi anayesema "hata baba yake alichelewa" hasemi uongo.

Lakini upana una mwisho. Mtoto asiyekaa akiwa na miezi 9 kamili, asiyetembea akiwa na mwaka na nusu, asiyetoa hata zile sauti za "bababa, dadada" anapotimiza mwaka, asiye na neno moja akiwa na miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama maji", akiwa na miaka 2, huyo apelekwe, asisubiriwe. Na lipo jambo moja ambalo halina umri: mtoto aliyekuwa anaweza kitu halafu akakiacha. Alikuwa anasema "mama", sasa hasemi. Alikuwa anacheza na wenzake, sasa anageukia ukuta. Huyo apelekwe wiki hiyo hiyo.

Niongeze kidogo kuhusu umri wenyewe, kwa maana huku kwetu unaleta shida kuliko watu wanavyodhani. Kadi imelowa mvua au imebaki kwa mama mkwe Newala, na mama anaulizwa mtoto kazaliwa lini. Anajibu, mabibo yalipoanza kuiva. Basi hapo ni Agosti au ni Oktoba? Kwa mtoto wa miaka 6 miezi hiyo miwili si kitu. Kwa mtoto wa miezi 10, inaweza kugeuza jibu lote, akaonekana kachelewa na hajachelewa, au kinyume chake. Vivyo hivyo kwa njiti: aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati hupunguziwa miezi hiyo 2 katika hesabu mpaka afikishe miaka 2. Mtafutie kadi yake, na kama alizaliwa kabla ya siku zake, litaje hilo kabla ya yote.

Sasa lile fundo lenyewe. Tunaposema "kapimwa" tunachanganya hatua tatu ambazo wataalamu wanazitenganisha.

Ya kwanza ni kuchekecha. Ni maswali machache, ya dakika chache, yanayoweza kuulizwa na muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji. Kwa mfano, yapo maswali 10 yanayotumika kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, yaliyofanyiwa kazi hata na watafiti wa Kilifi, Kenya: je, mtoto alichelewa kukaa au kutembea ukimlinganisha na wenzake, anaona vizuri, anasikia, anaelewa unapomtuma, ana udhaifu wa mkono au mguu, huwa anapata degedege au kupoteza fahamu, anajifunza kama wenzake, anasema maneno yanayoeleweka. Chekeche halisemi mtoto ana nini. Linasema tu huyu abaki juu, aangaliwe vizuri zaidi. Wapo wanaobaki juu ya chekeche na hawana tatizo, na wapo wachache wanaopita chini nalo. Kwa hiyo ukiambiwa "maswali yameonyesha wasiwasi", usiende nyumbani kumlilia mtoto. Bado hujaambiwa kitu.

Hatua ya pili ndiyo ile ya mkeka na vikombe: upimaji wa makuzi. Hapa hatafutwi mgonjwa, linachorwa umbo la uwezo wa mtoto. Miguu na mwili vimefika wapi, vidole vimefika wapi, kuelewa na kusema, kuishi na watu. Kila mchezo una kazi. Kijiko kilichofichwa chini ya kitambaa kinauliza: mtoto anajua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo? Shanga na uzi zinauliza kama macho na mikono vinafanya kazi pamoja. Mapovu ya sabuni, ambayo mdogo wangu aliyaona ya kipuuzi, yanauliza swali kubwa kuliko yote: povu likipasuka, mtoto anamtazama mtu mwingine usoni ili wafurahi wote, au anabaki na povu peke yake? Kuna kidole cha kuomba, "nipe kile", na kuna kidole cha kushirikisha, "mama, tazama ndege". Kidole hiki cha pili huanza kwa kawaida karibu na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na kutokuwepo kwake ni moja ya dalili zinazowafanya wataalamu waanze kufikiria usonji, ile hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Kipimo cha damu cha kuonyesha usonji hakipo popote duniani. Kama kingekuwepo, wangemtoa mtoto damu.

Hatua ya tatu ni utambuzi, yaani kulipa jambo jina, pale linapopatikana. Kuchelewa kusema kwa sababu ya kutosikia. Mtindio wa ubongo, yaani mtoto kushindwa kuuongoza mwili wake vizuri, ambao hutokana na ubongo kuumia kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa, mara nyingi kwa mtoto kukosa hewa au kupata manjano makali. Ugonjwa wa Down, hali ambayo mtoto huzaliwa nayo na huthibitishwa kwa kuangalia kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli. Usonji. Kifafa. Na mara nyingine jina halipatikani upesi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 anayechelewa katika maeneo kadhaa, wataalamu wengi husema tu kwamba ana ucheleweshaji wa jumla wa makuzi, hawamwiti mwenye ulemavu wa akili, kwa sababu ubongo wa umri huo bado unabadilika mno na vipimo vya akili haviaminiki. Wazazi hukasirika: mbona hawasemi? Mimi naona huo ni uungwana wa kitaaluma. Na jambo la kujua ni kwamba msaada hausubiri jina. Mtoto asiyesema anaanza kufundishwa kusema leo, jina likija mwakani.

Masikio yanastahili maneno yake. Mtoto yeyote aliyechelewa kusema hupimwa masikio kwanza, hata kama ukoo mzima unaapa kwamba anasikia. Bibi yake mtoto wetu aliapa: pikipiki ikipita, anakimbilia mlangoni. Sawa, lakini pikipiki ni kishindo. Mtoto mwenye usikivu uliopungua anaweza kusikia ngoma, mlango, jogoo, na asisikie "s", "f" na "k", zile sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno. Kwake "paka", "pata" na "pasa" ni kitu kimoja. Atasemaje? Wala kumpigia makofi nyuma si kipimo, kwani anahisi upepo au anaona kivuli. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa ncha yake sikioni, kinatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio. Mtoto anaweza kuwa amelala na kipimo kikafanyika. Na sababu za masikio kuharibika huku kwetu si ngeni: usaha wa muda mrefu tunaouita wa kawaida, homa ya uti wa mgongo, surua, manjano makali ya uchanga, na baadhi ya dawa za sindano walizopewa watoto kuokoa maisha yao. Masikio yanayotoka usaha si kawaida. Naomba hilo lishikwe hata kama mengine yatasahauliwa.

Lipo pia suala la kipimo kutengenezwa wapi. Vipimo vingi vya makuzi vilizaliwa Marekani na Ulaya, vikiwa na picha za vitu ambavyo mtoto wa Tandahimba hajawahi kuviona, na matofali ya kuchezea ambayo hayapo nyumbani kwao. Mwaka 1979 mtafiti Robert Serpell alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto wa Zambia na wa Uingereza. Aliwapa kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliwapita wenzao. Kwa waya, ule wa kutengenezea magari, wa Zambia wakaongoza. Kwa udongo wakalingana. Akili ilikuwa ile ile, mkono ndio uliozoea kitu tofauti. Nani aliyekulia Masasi au Ruangwa asiyemjua mtoto anayeunda lori zima kwa waya na visoda, ambaye shuleni wanasema hajui kuchora?

Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Mwaka 2010 kulichapishwa kipimo kilichotengenezwa Malawi, jirani zetu, chenye vipengele 136, kilichojaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400 wa huko huko, na maswali yasiyowafaa yakatupwa. Kilifi nao wana cha kwao. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa kipimo cha watoto wa chini ya miaka 3 ambacho majaribio yake yalifanyika Bangladesh, Pakistan na kwetu Tanzania, kisiwani Pemba. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kwa heshima: kipimo hiki kimewahi kutumika kwa watoto wa huku?

Na lugha. Nyumbani bibi anasema Kimakonde, mama Kiswahili, mjomba akija kutoka Nachingwea analeta Kimwera. Mtoto anapoulizwa maneno kwa Kiswahili peke yake, nusu ya utajiri wake unabaki nje. Maneno yanahesabiwa ya lugha zote pamoja. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema kiasi cha kuhitaji matibabu, na mtaalamu anayemwambia mama aache Kimakonde ili mtoto aongee anamnyang'anya mtoto bibi yake. Hali kadhalika adabu. Tumewafundisha wetu kutomkazia macho mtu mzima na kunyamaza mbele ya mgeni. Halafu mgeni huyo, tena mwenye koti jeupe, anaandika "hatazami usoni, hasemi". Mtaalamu mzuri anamuuliza mama: na nyumbani, na wewe, anakutazama? Asipouliza, mwambie.

Kuhusu tabia nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni dogo. Mtoto asiyetulia, anayepiga wenzake, asiyemaliza jambo, watu humwita mtundu au humtafutia mganga. Anayepima tabia anatafuta mambo matatu: iko katika sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na pia shuleni au madrasa, imedumu miezi, si wiki, na inamzuia mtoto kuishi na kujifunza. Ndiyo maana anataka barua ya mwalimu. Mtoto anayesumbua darasani tu huenda haoni ubao. Anayesumbua nyumbani tu, pengine nyumba ndiyo inayosumbua. Kabla ya kusema tatizo ni la utulivu na umakini, huulizwa usingizi, chakula, upungufu wa damu, kipigo, msiba, na kile kifafa cha kuzubaa kwa sekunde chache ambacho mwalimu hukiita kuota mchana. Pia huulizwa nani kaondoka. Msimu wa korosho wazazi wanahamia shambani, mtoto anabaki na ndugu, na tabia inabadilika Oktoba. Hilo nalo ni la kusemwa chumbani humo.

Kwa kwenda: anzia kliniki ya mama na mtoto au zahanati yako, upate rufaa. Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Ndanda na Nyangao ni hospitali za misheni ambazo watu wa Masasi na Lindi wamezitegemea miaka mingi. Wataalamu wa fani hizi ni wachache, hawapo kila siku wala kila mahali, kwa hiyo piga simu au ulizia siku ya mtaalamu kabla ya kupoteza nauli. Baadhi ya watoto watapelekwa Muhimbili, na hizo ni kilomita 560 hivi kwa basi. Mambo ya shule yana mlango mwingine: afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye ndiye wa kuuliza kuhusu upimaji wa mtoto kabla ya kupangiwa darasa. Karatasi ya hospitali peke yake haimpi mtoto nafasi shuleni, na ya shule haimpi tiba. Utazihitaji zote mbili. Afisa ustawi wa jamii naye aulizwe habari za msamaha wa gharama.

Siku ya kwenda, beba kadi, beba simu yenye video fupi ya mtoto akiwa nyumbani, akila, akicheza, akikasirika, kwa maana chumbani huenda asifanye hata moja. Na beba mtu anayeshinda naye. Hapo ndipo sisi tulikosea mara ya kwanza. Mdogo wangu anauza samaki Mikindani tangu asubuhi, na kila alichoulizwa alijibu kwa kukisia.

Masikio yalipimwa. Sikio la kulia lilikutwa na tundu la usaha wa zamani na usikivu umepungua. La kushoto lilikuwa zima. Hilo lilieleza sehemu, halikueleza yote. Safari ya pili tulikwenda watatu, na bibi katikati, kavaa kanga zake za msibani kwa kuwa ndizo mpya. Mtaalamu akakaa naye mkekani, akamuuliza mtoto akitaka maji anafanyaje. Bibi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ananishika kanga hapa," akasema, akaonyesha pindo, "ananivuta mpaka kwenye mtungi. Halafu ananitazama. Nikichelewa ananipiga hapa gotini, ananitazama tena."

Mtaalamu yule aliacha kalamu. "Anakutazama usoni?"

"Usoni. Kila siku."

Akaandika muda mrefu. Akatupa kazi ya nyumbani: kila akimvuta, bibi aseme neno "maji", asubiri, aseme tena, ndipo ampe, na akae upande wa sikio la kushoto. Tulipotoka nje mdogo wangu alikuwa anahesabu nauli ya kurudi baada ya miezi 3, msimu utakuwa umeanza, na bibi alikuwa amekwisha hamia upande wa kushoto wa mtoto.